Kuhama na Kuhamishwa: Madini na Wenyeji wa Nyanda za Kati

Mtu akisimama Chimwaga, kilimani upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, huona mambo matatu kwa pamoja. Karibu naye yapo majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kuuzunguka ukumbi ambao zamani ulikuwa wa mikutano mikuu ya Chama. Mbele yake upo mji, na ndani ya mji limo Bunge. Kwingineko kote ni nchi kavu ya Wagogo: mibuyu, vichaka vya miiba, mashamba ya mtama na uwele, na njia za ng'ombe. Katika chuo kile vijana hufundishwa elimu ya miamba na madini. Katika Bunge lile hutungwa sheria za madini. Na katika nchi ile ya mibuyu hukaa watu ambao siku yoyote waweza kuambiwa kwamba chini ya nyumba zao kuna kitu chenye thamani kuliko nyumba zenyewe.

Habari za wataalamu zimeandikwa sana, na habari za sheria zimeandikwa zaidi. Makala haya yanawahusu wale wa tatu. Nataka kuonyesha, kwa kufuata historia, kwamba dhiki ya watu waliohamishwa kwa ajili ya madini haikuanzia kwenye ubaya wa kampuni fulani, wala kwenye ukali wa askari fulani, ingawa ukali ulikuwapo. Ilianza pale ardhi ilipokatwa vipande viwili katika maandishi: ya juu ikawa ya mkulima kwa kuazimwa, na ya chini ikawa ya Serikali kwa kumiliki. Tangu siku hiyo mazungumzo yote ya madini yamekuwa ya watu wawili, yaani Serikali na mwenye mtaji. Aliyekaa juu ya ardhi hakuwamo barazani. Na wahenga walikwisha kusema, asiyekuwapo na lake halipo.

Kwanza yafaa tujibu hoja moja ambayo husemwa mara nyingi. Husemwa kwamba Wagogo na jirani zao wa nyanda za kati ni watu wa kuhamahama, kwa hiyo kuwahamisha si jambo kubwa. Ni kweli kwamba Mgogo wa zamani alihama. Mvua za Ugogo huanza mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, na katika miaka mingi hazitoshi, nazo hunyesha hapa zikapaacha pale. Mtu alibomoa tembe lake akawafuata shemeji zake au wajomba zake mahali penye malisho. Na baada ya miaka kadhaa aliweza kuhama tena au kurudi. Lakini tazama namna alivyohama. Alichagua wakati. Alichagua jirani. Aliwakuta wenyeji wenye undugu naye, nao wakamwonyesha mahali pa kulima. Ng'ombe wake walikuwa wametangulia, kwa sababu alikwisha kuwagawa kwa marafiki wa nchi mbalimbali ili njaa moja isiwamalize wote. Haki yake ya kukaa ilitoka kwa watu, si kwa karatasi, na kwa hiyo aliweza kuichukua popote alipokwenda.

Basi lugha yetu yenyewe imetenga mambo hayo mawili. Kuhama ni kitendo cha mtu. Kuhamishwa ni jambo analotendewa. Anayehama huondoka na haki zake. Anayehamishwa huziacha nyuma, kisha huanza kuzidai. Anayeyachanganya mambo hayo mawili hajaifahamu historia ya nchi hii.

Wala si kweli kwamba uchimbaji ni jambo geni katika nyanda za kati. Kabla ya kuja kwa Wazungu watu walikuwa wakipata chumvi katika mbuga ya Bahi, magharibi ya Dodoma. Maji ya mvua hushuka huko kutoka nchi ya juu, hayana pa kutokea, jua huyakausha, na chumvi hubaki katika udongo. Wakati wa kiangazi watu walikwangua udongo huo wa juu, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji mpaka chumvi ikaganda. Chumvi hiyo ilibadilishwa kwa nafaka na vitu vingine, na misafara iliyopita Ugogo kutoka pwani kwenda Tabora, ambayo ililipa hongo kwa watemi, iliijua. Huo nao ulikuwa uchimbaji, lakini haukumwondoa mtu nyumbani kwake. Sababu yake ni nyepesi: aliyelima wakati wa masika ndiye aliyekwangua chumvi wakati wa kiangazi. Juu na chini palikuwa na mwenyewe mmoja. Mtemi aliyetunza mawe ya mvua hakuwa na shamba la mtu la kuuza. Kazi yake ilikuwa kuilinda nchi ili itoe mvua na mazao, na matambiko yalifanywa penye makaburi ya waliotangulia. Kaburi lilikuwa ushahidi kwamba ukoo huu umekaa hapa.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19. Tarehe 26 Novemba 1895 Serikali ya Kaizari ilitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Mwaka 1898 ikafuata amri juu ya madini. Maneno hayo, "isiyokuwa na mwenyewe", yalikuwa na hatari kubwa katika nchi kama Ugogo na Iramba, ambako shamba hupumzishwa miaka mingi, ambako malisho ni ya wote, na ambako mtu aliyefukuzwa na ukame hukusudia kurudi. Mgeni aliyeitazama nchi hiyo mwezi wa Septemba aliona pori tupu. Hakujua kwamba alikuwa akitazama ghala la watu.

Mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu katika nchi yetu ulifunguliwa na Wajerumani mwaka 1909 huko Sekenke, chini ya mteremko wa Iramba, kando ya mbuga ya Wembere, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida. Miaka michache baadaye vita vikuu vya kwanza vikafika. Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walichukua dhahabu ya Sekenke wakapiga sarafu mjini Tabora mwaka 1916. Ni sarafu ya rupia 15, na juu yake amechorwa tembo aliyesimama mbele ya mlima. Leo wakusanyaji wa sarafu katika Ulaya na Marekani huinunua kwa fedha nyingi. Lakini katika Ugogo miaka hiyo hiyo hukumbukwa kwa jina jingine. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, ukame ukaongezea, na kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Sisemi kwamba dhahabu ndiyo iliyoleta njaa. Nasema kwamba mambo yote mawili yalitoka katika vita vimoja na katika nyanda zile zile, na kwamba moja limetunzwa ndani ya makabati ya vioo, na la pili limetunzwa katika vinywa vya wazee tu.

Waingereza walipoitwaa nchi hawakuuondoa mkato ule wa juu na chini. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Desturi za wenyeji zilitambuliwa, lakini kwa kauli ya kuvumiliwa. Uzito wa kauli hiyo ulionekana wazi Kongwa, mashariki ya Ugogo, mwaka 1947. Mpango wa karanga wa Kongwa haukuwa wa madini, lakini wafaa kutajwa hapa, kwa sababu ndio uliowaonyesha watu wa nyanda za kati kwa mara ya kwanza jinsi mashine inavyoipasua nchi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Ulikusudiwa, pamoja na mashamba mengine katika Tanganyika na nchi jirani, kufunika zaidi ya ekari milioni 3. Vichaka vilisukumwa na matrekta makubwa, miti iking'olewa na mizizi yake. Mvua ilipokosa, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na chuma cha kulimia kikashindwa. Mwanzoni mwa 1951 mpango uliachwa, na paundi zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Yeyote kati ya wachungaji wa Kongwa angeweza kuwaeleza wakubwa wale habari za mvua ya huko. Hakuulizwa, kwa sababu katika hesabu za mpango hakuwa mtu wa kuulizwa.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na watu walikuwa na haki ya kutazamia kwamba mkato huo utaondolewa. Kwa upande mmoja uliondolewa: mali iliyokuwa ya mgeni ikawa ya taifa. Kwa upande wa mkulima, mahali pa Gavana paliingia Rais, na msingi wa sheria ukabaki. Sheria ya Madini ya 1979 ilitamka kwamba madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Jambo hilo lina hekima yake, wala sitaki kulibeza. Kama kila mtu angemiliki mwamba ulio chini ya nyumba yake, matajiri wangeununua mmoja mmoja na taifa lisingepata kitu. Lakini kumilikiwa na taifa ni jambo moja, na namna ya kumtendea aliyekaa juu ni jambo la pili. La kwanza lilitungiwa sheria madhubuti, la pili liliachiwa huruma ya wakubwa.

Kisha vikaja vijiji. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza: Operesheni ya 1971 iliwakusanya Wagogo waliokuwa wametawanyika, na kati ya 1973 na 1976 nchi nzima ikafuata. Shule, zahanati na maji viliwafikia wengi, na hilo ni jema. Lakini watu waliwekwa juu ya mashamba ya watu wengine, na mashamba yao ya zamani yakabaki mbali, hayana mtu. Miaka 20 baadaye, mtafuta madini alipofika na ramani, haikuwa rahisi kujua ni nani mwenye haki pale: aliyekaa kabla ya kijiji, aliyeletwa na kijiji, au Serikali iliyokianzisha. Mwaka 1992 Bunge lilijaribu kulimaliza jambo hilo kwa kuzifuta haki za desturi katika vijiji hivyo. Ndipo katika kesi ya Lohay Akonaay, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikatoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa historia yampasa kuijua. Mahakama ilisema kwamba haki ya desturi juu ya ardhi ni mali, na mali hulindwa na Katiba. Tena ilisema kwamba fidia ya haki haiishii kwenye majengo na mimea iliyoonekana. Mtu akiwa ametia jasho lake katika ardhi, jasho hilo nalo lina haki ya kulindwa.

Kama hukumu hiyo ingetiwa moyoni, mambo ya miaka iliyofuata yangekuwa mengine. Ili kuyaona wazi yatupasa kuondoka kidogo nyanda za kati, tuelekee kaskazini mpaka Kahama, mahali paitwapo Bulyanhulu. Huko wenyeji na wachimbaji wadogo walianza kuchimba dhahabu katika miaka ya 1970. Walichimba kwa sururu na kamba, wakishuka ndani ya mashimo yao waliyoyaita maduara. Palikua mji kamili wenye maduka, migahawa na nyumba za ibada. Mwaka 1994 Serikali ilitoa leseni ya eneo hilo kwa kampuni iliyokuwa tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mwishoni mwa Julai 1996 wachimbaji waliamriwa kuondoka. Walikwenda Mahakama Kuu, Tabora, kutafuta amri ya zuio. Hata hivyo, katika siku za mwanzo za Agosti watu waliondolewa na maduara yakafukiwa. Ilidaiwa kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali ilikana, na kampuni ikakana. Mwaka 1999 mali hiyo ilinunuliwa na Barrick, na mgodi mkubwa ukaanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ilisema haikuona msingi wa madai ya vifo. Mawakili watetezi wa mazingira waliopeleka malalamiko hayo walishikilia kwamba lazima ufanywe uchunguzi ulio huru.

Mwanahistoria hana budi kujizuia asihukumu pasipo ushahidi, nami sihukumu. Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji shahidi. Ukiuliza Bulyanhulu ilikuwa na dhahabu kiasi gani, utapewa jibu kwa wakia. Ukiuliza ni watu wangapi walioondolewa pale mwaka 1996, utapewa namba zinazotofautiana mno, toka maelfu machache hadi malaki. Tofauti hiyo yenyewe ndiyo habari. Hapakuwa na daftari. Dhahabu ilipimwa, watu walikisiwa. Na mtu asiyehesabiwa siku ya kuondoka hawezi kuhesabiwa siku ya kulipwa.

Sasa tuyatazame madhara ya aina mbili, ya nchi na ya watu, kwa maana wengi huyatenga, na kuyatenga ni kosa. Mgodi wa shimo la wazi huhamisha mwamba mwingi ili kupata dhahabu kidogo. Mwamba uliokaa gizani miaka isiyohesabika huletwa juani. Na kama una kiberiti ndani yake, hewa na mvua huugeuza kiberiti hicho kuwa tindikali, na tindikali huyayeyusha madini mazito na kuyapeleka mtoni. Hali hiyo huweza kuendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Mchimbaji mdogo naye ana hatari yake: hutumia zebaki kunasa vumbi la dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake huvutwa na yeye, mkewe na watoto wake. Mwezi wa Mei 2009, huko Nyamongo, Mkoa wa Mara, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe. Miaka miwili baadaye, Mei 2011, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 5 katika mgodi huo huo, wakati watu walipoingia kutafuta mawe yenye dhahabu. Wako wanaoliita jambo la kwanza habari ya mazingira na la pili habari ya usalama. Lakini mto uliokuwa ukinywesha ng'ombe ukiharibika, na shamba likiwa limekwisha kuchukuliwa, kijana wa pale atakula nini? Ataufuata mwamba uliotupwa. Hivyo mambo hayo mawili yanaungana na kuwa habari moja.

Fidia nayo ina hesabu zake. Kanuni zilizotolewa mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya ardhi na vilivyomo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea. Kwa maandishi ni orodha nzuri. Lakini mtathmini afikapo Ugogo huona nini? Huona tembe la miti na udongo, huliandika kwa bei ya chini. Huona shamba la mtama, huliandika kwa ekari. Haoni malisho, kwa sababu ni ya wote, na kilicho cha wote hakina jina la kuandikwa. Haoni kisima cha mchangani katika korongo, ambacho kiangazi huokoa mifugo ya vijiji vitatu. Haoni mbuyu ambao majani yake ni mboga na matunda yake ni akiba ya mwaka wa njaa. Haoni jirani anayemkopesha mwenzake jozi ya ng'ombe wa kulimia. Makaburi huyaona, kwa maana ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, nayo inaagiza mifupa ihamishwe na kuzikwa tena kwa heshima. Lakini mifupa yaweza kuhamishwa. Ushahidi ambao kaburi liliutoa, kwamba ukoo huu ni wenyeji wa hapa, hauhamishiki. Huko waendako, pamoja na makaburi yao, watu hao huitwa wageni.

Turudi sasa nyanda za kati, ambako mambo haya si hadithi za mbali. Mwishoni mwa 2007 rubi na yakuti nzuri sana zilionekana Winza, Wilaya ya Mpwapwa, katika Mkoa wa Dodoma wenyewe. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wachimbaji na wanunuzi walifurika katika bonde ambalo lilikuwa la wakulima, na mawe hayo yakauzwa hata Bangkok na Ulaya. Huko hapakuwa na kampuni kubwa wala amri ya kuhama, na bado mwenyeji alijikuta mgeni katika nchi yake. Tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ilitungwa kwa mgeni mmoja mwenye kubisha hodi. Haikutungwa kwa wageni maelfu wenye sururu.

Na huko Bahi, katika mbuga ile ile ya chumvi, tangu miaka ya 2000 kampuni ya Uranex ya Australia ilitafuta urani. Wenyeji walikwisha kuyageuza maji ya mbuga hiyo kuwa kilimo, na mchele wa Bahi wajulikana sana. Yafaa tufahamu sababu ya urani kuwapo pale. Maji yale yale yashukayo kutoka nchi ya juu na kuacha chumvi ndiyo yaliyoyeyusha urani kidogo kidogo kutoka katika mawe ya matale na kuiacha bondeni, karibu kabisa na uso wa ardhi. Kwa mhandisi, ukaribu huo ni neema, maana hana haja ya kuchimba sana. Kwa mkulima ni msiba, maana madini hayo hayapo chini ya majaruba yake kwa kina cha mita 1,000. Yamo karibu ndani ya majaruba yenyewe. Hapo mkato wa sheria kati ya juu na chini unaonekana kuwa ni maneno matupu. Huwezi kuichukua ya chini ukamwachia mtu ya juu. Wenyeji waliuliza maswali juu ya maji, mpunga na mifugo yao. Baada ya ajali ya Fukushima, Machi 2011, bei ya urani duniani ilianguka, na mgodi haukufunguliwa Bahi. Basi mpunga wa Bahi uliokolewa kwa muda na soko, si na sheria; na soko lililoshuka hupanda tena.

Ni haki kutambua kwamba sheria hazikusimama mahali pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, ingawa ilimwachia Rais uwezo wa kuihamisha ardhi hiyo kwa manufaa ya umma. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilitaka athari zichunguzwe kabla ya kazi kuanza. Sheria ya Madini ya 2010 ilimtaka mwombaji wa leseni kubwa aeleze mpango wa kuwahamisha watu, kuwapatia makazi na kuwafidia. Kisha mwezi wa Julai 2017 Bunge, likiwa hapa Dodoma, lilipitisha sheria kali juu ya mali ya asili: mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mwaka 2019 Serikali na Barrick walipatana kuunda kampuni ya Twiga. Wananchi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu, kwa maana nchi ilikuwa imepunjwa.

Lakini msomaji na atazame tena meza ile ya mapatano. Upande mmoja alikaa mwenye mtaji, na upande wa pili ilikaa Serikali, safari hii ikiwa na sauti ya nguvu. Kiti cha tatu hakikuwekwa. Ugomvi ulikuwa juu ya ukubwa wa fungu la taifa. Fungu la yule ambaye shimo limechimbwa nyumbani kwake halikuwa neno la siku ile. Naye ni mwananchi. Husemwa kwamba mmoja hana budi kuumia ili wengi wapone, kwa maana dhahabu ndiyo hununua dawa na kulipa walimu. Mimi sikatai kwamba taifa lina haki ya kuitumia mali yake. Nakataa tu kwamba gharama ya mali ya wote ilipwe na wachache, tena wale walio maskini kuliko wote, na kisha waambiwe kwamba wamelipwa kwa sababu mabati na miti yao imehesabiwa.

Nini basi kifanyike? Nadhani historia yenyewe yatufundisha mambo matatu. La kwanza, watu wahesabiwe kabla ya dhahabu: daftari la kaya, malisho, visima na makaburi liandikwe na kijiji chenyewe kabla leseni haijatolewa, si baada ya mashine kufika. La pili, fidia ifuate hukumu ya 1994, yaani jasho na maisha ya mtu yathaminiwe, na malisho ya wote yapewe bei kama shamba la mmoja. La tatu, kijiji kipewe kiti katika meza, pamoja na uwezo wa kusema hapana. Kwa kuwa ridhaa isiyoweza kukataa si ridhaa.

Mambo haya si ya kuwangoja wanasiasa peke yao. Mwaka 2023 mgodi mpya mkubwa ulianza kutoa dhahabu katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, na mingine itafuata katika nyanda hizi. Wanaofundishwa Chimwaga leo ndio watakaopima mwamba, ndio watakaoandika tathmini, na baadhi yao ndio watakaoingia katika Bunge lile wanaloliona kutoka kilimani. Wengi wao ni watoto wa vijiji vile vile. Siku watakapotumwa na ramani kwenye nchi inayoonekana tupu mwezi wa Septemba, na wakumbuke kwamba mwaka 1895 palikuwa na watu waliolitazama pori kama hilo wakaandika kwamba halina mwenyewe. Kabla ya kuchomeka kigingi cha kwanza, na wabishe hodi, wangoje kuitikiwa.